Célestin Aliyevisha Sufuria Dhahabu

Mama Aïcha hakuwa mtu wa kubisha hodi. Habari ndiyo iliyombishia. Ukisikia "Ulisikia?" mlangoni, ujue amekwisha kuingia, amekwisha kuketi, na kigoda amekivuta mwenyewe.

"Mama Deborah, ulisikia?"

Honorine alikuwa nyuma ya nyumba anakoroga sabuni ya mawese kwenye pipa la plastiki. Mtoto wake Deborah alikuwa amelala kwenye mkeka, mbali na sabuni, kitambaa cheupe usoni kwa ajili ya nzi. Honorine akatikisa kichwa bila kufungua mdomo.

"Célestin, jirani yako huyu wa hapa hapa, amemutia mama mukwe yake meno ya zahabu. Yote! Ya juu na ya chini! Mahamudu mwenye pikipiki ndiye alimurudisha Nyangwe, na anasema mama akicheka unafunga macho."

"Mm," Honorine akasema, mkono mmoja mdomoni.

"Zahabu ya kweli, mama! Sasa Nyangwe nzima wamama wanawauliza wakwe zao: na sisi? Mimi mwenyewe, mukwe yangu iko mununuzi wa zahabu pale sokoni. Anashinda na mizani kutoka asubuhi mupaka mangaribi. Ameniwekea hata jino moja? Hata la nyuma, lenye watu hawaoni? Hapana! Kumbe fundi wa pikipiki, mutu wa suruali yenye matundu, ndiye anajua kuheshimu mama mukwe."

Honorine akakoroga kwa nguvu zaidi. Mama Aïcha akamtazama kwa jicho la pembeni.

"Na weye juu ya nini unasema na mukono kwa mudomo?"

"Jino linauma," Honorine akajibu ndani ya kiganja.

Halikuwa linauma. Lilikuwa la njano, na wenzake wote walikuwa hivyo hivyo, njano ya kuiva kama ndizi ya sokoni. Na Honorine alijua vizuri sana lilikotoka, kwa maana alikuwapo siku ile, na alikula.

Lakini ili mtu ayaelewe meno yale, inafaa amjue kwanza Célestin.

Célestin alizaliwa upande wa Wamaza, kwa watu wa muhogo na karanga. Alipokuwa kijana akaenda machimboni kama wenzake, lakini tofauti na wenzake hakutafuta dhahabu. Yeye alipewa pampu ya kutoa maji shimoni, na akaipenda pampu ile kupita kiasi. Wenzake wakitoka wamejaa tope mpaka masikioni, yeye alikuwa ameketi juu anaisugua pampu kwa majivu mpaka unajiona uso. Mkuu wao wa shimo alimwambia: "Tulikuita utoe mayi, hatukukuita uogeshe mashini." Siku pampu ilipoharibika akatumwa nayo Bukavu ikatengenezwe. Pampu ilirudi na gari la mizigo. Célestin hakurudi nayo.

Aliona nini Bukavu? Aliona mikono ya breki ya pikipiki imetundikwa kwenye waya, mmoja wa buluu, mmoja mwekundu, mmoja wa dhahabu. Akakwangua kwa ukucha. Rangi haikutoka. Akakwangua kwa kisu, fundi akampiga kibao, lakini rangi haikutoka. Basi akabaki pale kuteka maji na kufagia. Nusu ya kazi alifundishwa, na nusu nyingine aliichungulia fundi akiwa amempa mgongo. Ile nusu ya kuchungulia ndiyo iliyokuja kumtesa.

Akarudi Kasongo, akaweka hema la turubai uani kwake, kando ya njia, akaoa Waridi, binti wa Nyangwe, mrefu, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ng'ambo ya njia. Na lupango lao, yaani kiwanja cha nyumba yao, likapakana na la Honorine, ukuta ukiwa ni matete tu, tena yenye nafasi.

Kwa hiyo Honorine aliifahamu kazi ile kama mtu anavyofahamu mapishi ya jirani, kwa harufu kwanza, kisha kwa macho. Célestin alichukua kipande cha alumini, akakiosha kwa soda ya kutengenezea sabuni, akakifunga waya, akakitumbukiza ndani ya ndobo, ndoo kubwa yenye maji na asidi ya betri. Waya mmoja ukaenda kwenye betri, mwingine ukashuka upande wa pili wa ndobo. Maji yakaanza kutoa povu dogo dogo kama soda ya chupa. Baada ya muda kipande kile kilikuwa kimeota ngozi yake chenyewe, ngozi yenye vitundu ambavyo jicho halivioni. Vitundu vile vikinyweshwa rangi, ile rangi ya unga ya wasuka mikeka, vinakunywa vinashiba. Kisha kipande kinachemshwa kwenye maji safi, kwa muda mrefu, mpaka vitundu vifunge midomo. Basi.

"Rangi ya kupaka iko sawa mugeni kwa kiti," Célestin alipenda kuwaambia wateja. "Kesho anasimama, anaenda. Hii yangu inazaliwa ndani ya chuma. Hii iko mutoto wa nyumba."

Maneno mazuri. Ila mtoto wa nyumba naye ana kichwa chake.

Asidi, kwa mfano, haikumwogopa mtu. Iliruka, na iliporuka ikatua kwenye suruali. Suruali za Célestin zilikuwa zikienda kwenye beseni la kufulia zikiwa nzima na kurudi zina matundu, maana tundu la asidi halionekani mpaka nguo ifuliwe. "Bwana yangu anavaa chujio," Waridi alimwambia Honorine juu ya matete. "Siku moja nitamuchujia mawese."

Na Mahamudu. Mahamudu alikuwa kijana wa kubeba watu kwa pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare, mwenye miwani ya jua hata siku ya mvua. Alitaka pikipiki yake iwe na dhahabu: mikono ya breki na ya klachi, kibano cha usukani, na kile kipande kinachoshika klaksoni. Célestin akavifungua vyote, akavitia ndoboni. Vilipotoka, watu walikuja kutazama. Mahamudu akazunguka soko bila abiria, kwa maringo tu.

Kesho yake akarudi, anaisukuma pikipiki.

"Fundi, angalia vizuri. Mukono wa kuume iko zahabu?"

"Zahabu kabisa."

"Na wa kushoto?"

Célestin akainama. "Na wenyewe iko... ya karibu na zahabu."

"Iko chai, fundi! Chai ya maziwa! Tena ya nyumba yenye ng'ombe mumoja!"

"Hawakuzaliwa kwa mama mumoja," Célestin akamweleza kwa upole. "Huu wa kuume ulikuja na pikipiki. Huu wa kushoto ulinunua Kabambare siku ulianguka. Kila kiwanda na alumini yake, na kila alumini inakunywa rangi kwa namna yake."

"Na kwa nini hauingii pahali pake? Nimepiga na jiwe ndiyo umekubali."

"Ngozi, bwana. Ngozi inanenepesha. Tundu linakuwa dogo. Lete, nitapiga musasa."

Akapiga msasa. Mkono ukaingia vizuri, lakini pale alipopiga msasa dhahabu ikaondoka, chuma kikabaki cheupe kama goti lililochubuka. Mahamudu akaguna. Kisha akasema jambo lenyewe lililomleta.

"Na klaksoni?"

"Klaksoni imefanya nini?"

"Haifanyi kitu. Ndiyo neno lenyewe."

Hapo Célestin akakaa chini. Akagusa waya huu, akagusa ule. Honorine, akiwa upande wake wa matete anamnyonyesha Deborah, aliona uso wa jirani yake unabadilika polepole, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha chungu motoni.

"Ngozi hii haipitishi umeme," akasema mwishowe. "Umeme wa klaksoni unapitia kile kipande ndiyo urudi. Sasa unafika mulangoni, unakuta mulango umefungwa. Lete kisu, nikwangue kidogo pale chini."

"Ukwangue nini?"

"Zahabu. Kidogo tu."

"Usiniguse zahabu!" Mahamudu akaikumbatia pikipiki. "Afazali nikose klaksoni kuliko nikwanguliwe tena."

Na kweli, tangu siku ile Mahamudu alipiga klaksoni kwa mdomo. "Piiii! Piiii! Toka kwa njia, mama wa mbuzi!" Kuku wa njia ya Kabambare wakaizoea sauti yake, wakawa hawamkimbii tena. Koo lilipokauka, akamgawia kazi abiria wa nyuma. "Mama, unisaidie kwa huu mulima. Mimi nashika usukani, weye unapiga piiii." Watu wazima, wenye heshima zao, wenye vilemba na Biblia kwapani, wakaingia Kabambare wanalia piiii. Lakini hawakuacha kumpanda, kwa sababu hakuna pikipiki nyingine iliyong'aa namna ile.

Waridi alicheka kwa haya yote mpaka akashika tumbo. Na tumbo lenyewe, mwaka huu, lilikuwa na mtu ndani. Miaka ilikuwa imepita bila dalili, mpaka majirani wakaacha kuuliza, jambo ambalo ni baya kuliko kuuliza. Tangu mimba ile ionekane, Célestin hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa akitembea uani anasimama, anamtazama mkewe anatwanga sombe, majani ya muhogo, anasahau alikokuwa anaenda.

Ndipo ikaja habari kwamba mama yake Waridi atafika kumtazama binti yake.

Mama Iliasi, ndivyo walivyomwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, alikuwa mwuza samaki wa kukausha pale Nyangwe, mwanamke mfupi, mnene, asiyepoteza neno. Hakumchukia mkwe wake. Alimshangaa tu. "Wakwe wa wengine wanapika biashara," aliwahi kusema. "Wangu anapika vyuma, na haviivi." Neno hilo Célestin alilibeba moyoni kama mwiba.

"Safari hii ataona," akamwambia Waridi. "Ile sufuria yake nitaivisha zahabu."

Sufuria ile haikuwa sufuria hivi hivi. Siku ya harusi Mama Iliasi aliibeba mwenyewe kichwani, nyeupe, mpya, akaiweka kwa mikono yake juu ya mafiga ya binti yake, na ndiyo ikawa nyumba. Kwao, mafiga bila sufuria ya mama ni mawe matatu tu.

"Acha sufuria ya mama," Waridi akasema.

"Itakuwa kama ya sultani."

Waridi akacheka, na kwa kucheka akawa amekubali.

Célestin akaja kwenye matete. "Mama Deborah, uniazime soda kidogo ya sabuni. Yangu imeisha."

"Ya kufanyia nini?"

"Kuoshea sufuria."

"Célestin, soda inakula sufuria."

"Kidogo tu. Nataka ionje, sitaki ikule."

Honorine akampa. Ikaanza kazi.

Sasa, sufuria za Kasongo huwa zinamiminwa na mafundi wa mtaani, na wao wanayeyusha kila kinachoyeyuka: pistoni za gari, sahani zilizotoboka, fremu za madirisha, vifuniko, na vitu vingine ambavyo hakuna anayeuliza. Zikiwa nyeupe hakuna anayejua. Lakini ndobo ya Célestin ilijua. Sufuria ilipotoka mara ya kwanza ilikuwa imetoboa siri ya ukoo wake wote: hapa dhahabu, hapa majivu, hapa weusi wa moshi, hapa doa, hapa mstari.

Waridi akaizunguka. "Umeniletea chui jikoni."

Célestin akairudisha kwenye soda. Soda ikavua ngozi na rangi pamoja, ikaonja na sufuria yenyewe. Akairudisha ndoboni. Chui akatoka tena, safari hii mwenye madoa mengine. Soda tena. Kila mara sufuria ilirudi nyepesi kidogo, na Célestin alirudi mwembamba kidogo. Juu ya hayo akasahau msumari mmoja wa chuma ndani ya ndobo, asidi ikautafuna, maji yote yakaharibika, ikabidi aanze upya. Lakini asubuhi ya siku mgeni alipotazamiwa, sufuria ikatoka ya dhahabu. Karibu yote. Chini ya mkono mmoja lilibaki doa jeusi, ukubwa wa jani la muhogo, na upande huo akauelekeza ukutani.

Ilibaki kuichemsha tu ili vitundu vifunge midomo. Akaweka nusu ya pipa juu ya moto, akaizamisha sufuria. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana, kuni zilikuwa mbichi, moto ukawa moshi. Maji yakapata joto la kuogea mtoto. Célestin akapuliza mpaka macho yakawa mekundu. Na ndipo kutoka upande wa barabara ikasikika sauti iliyopasuka:

"Piiii! Piiii!"

Halafu sauti ya pili, ya mwanamke mzima, yenye hasira: "Piiii!"

Mahamudu alikuwa ameingia na Mama Iliasi nyuma. Célestin akaitoa sufuria majini, vitundu bado wazi, akaifuta kwa kanga, akampa mkewe.

Waridi akapika wali, na samaki wa Nyangwe aliyeletwa na mama yake, kwa mawese mengi, kama inavyostahili. Na mawese, kila mtu anajua, yanafanya kila kitu kuwa rangi ya jua linalozama. Nani angeona rangi ndani ya rangi? Wakamwita Honorine aje na Deborah, wakamwita na Mahamudu. Wakaketi mkekani. Honorine alikula kidogo tu, kwa sababu mtoto alikuwa analia kutaka titi.

Mama Iliasi hakuanza kula. Kwanza aliivuta sufuria yake, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga wa mlango. Célestin akasogea, kivuli chake kikaziba lile doa.

"Hii inangaa," Mama Iliasi akasema.

Kwa mtu mwingine hilo ni neno dogo. Honorine alimwona Célestin akilipokea kama mtu anavyopokea mtoto, kwa mikono miwili, hajui amshike wapi. Yeye hakula chochote. Akamtazama tu mama mkwe wake akiongeza wali, akiongeza tena, akikwangua mpaka ukoko.

Walipokwisha kushiba Mahamudu akaanza kusimulia habari za mchungaji mmoja wa kanisa aliyempeleka Kabambare, jinsi alivyokataa kupiga piiii kwa sababu ya cheo chake, mpaka walipokutana na ng'ombe kwenye daraja. "Hapo muchungaji alilia piiii mupaka kofia ikaanguka mutoni!"

Mama Iliasi akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka mara chache, lakini akicheka alifungua mdomo wote.

Wote wakainama kumtazama mdomoni.

"Mama," Mahamudu akasema polepole, akivua miwani yake, "nani alikuwekea?"

"Aliniwekea nini?"

Waridi akamtazama mama yake, kicheko kikamponyoka kabla hajaweza kukishika, na mdomo wake nao ukawa umejaa dhahabu. Mahamudu akamwonyesha Waridi kidole, akicheka, na yeye alikuwa mbaya kuliko wote, maana ndiye aliyelamba sahani. Honorine akafunga mdomo wake haraka.

Mama Iliasi akasimama, akaenda kwenye pikipiki, akainama mbele ya kioo cha pembeni. Akasugua jino kwa kidole. Aliporudi hakupaza sauti.

"Célestin. Mutoto wangu iko na mimba. Umemulisha nini?"

Célestin akafungua mdomo kueleza habari za kuni mbichi na vitundu na midomo yake, akaona uso wa mkewe, akaiondoa sufuria mkekani. Waridi alikuwa ameweka mikono miwili juu ya tumbo. Hakuwa anacheka tena.

Honorine alirudi kwake na Deborah mkononi. Akaingia ndani, akafunga pazia, akakamua tone moja la maziwa kwenye kiganja, akalisogeza dirishani. Lilikuwa jeupe. Akakamua jingine. Jeupe. Ndipo akaketi kitandani akamnyonyesha mtoto wake, akambusu kisogo, na kuanza kucheka peke yake, kicheko chenye machozi, meno yake yaking'aa gizani bila mtu wa kuyaona.

Asubuhi wakaenda kituo cha afya. Muuguzi akampima Waridi, akasikiliza tumbo, akasema mtoto anapiga teke vizuri na rangi itatoka yenyewe kwa maji na mswaki, lakini sufuria ile isirudi motoni kamwe. Mama Iliasi akashukuru. Kisha akamfunga binti yake vitu vyake kwenye kitenge.

"Atazalia kwangu," akasema. Na alipofika penye njia akageuka. "Siku utakuja, kuja na sufuria nyeupe. Kama ile niliyoleta."

Waridi akapita karibu na matete. "Mama Deborah," akanong'ona, "umuangalie akule. Akiwa na huzuni anasahau." Akapanda pikipiki katikati ya Mahamudu na mama yake, na pikipiki ikaenda kimya, kwa sababu siku ile hakuna aliyekuwa na moyo wa kupiga piiii.

Yaliyobaki Mahamudu aliyamaliza. Njia ni ndefu, na kila kituo walimuuliza juu ya yale meno, na kila kituo habari ikaota ngozi mpya. Ndiyo iliyomfikia Mama Aïcha kesho yake, asubuhi ile ya sabuni. Na kabla ya jua kuwa juu, mkwe wake mwenyewe, yule mnunuzi wa dhahabu, akaonekana kwenye turubai la Célestin, akitazama nyuma yake kama mwizi.

"Fundi, mama mukwe yangu hanipi amani. Yeye nitamuwekea ya chini tu. Ya juu atangoja."

"Hakuna meno hapa, baba," Célestin akamjibu bila kuinua kichwa. "Kuna ujinga tu, na wenyewe umeisha."

Honorine alihesabu kwamba Célestin alikuwa hajala tangu jana yake. Akampitishia sahani ya bugali na sombe kwenye nafasi ya matete. Sahani ilirudi imeguswa upande mmoja. Kesho yake akaona ndobo haipo uani. Betri hazipo, waya hazipo, na pale ndobo ilipokaa palikuwa na duara la udongo uliokufa, hakuna hata jani. Halafu Célestin mwenyewe akapotea na Mahamudu kutwa nzima.

Alirudi jua likiwa linaelekea kushuka, na vumbi la njia ya Nyangwe mpaka kwenye nyusi. Hakuingia kwake. Alikuja moja kwa moja kwa Honorine, akapiga hodi kama mgeni, na kusimama na kitu kikubwa kilichofungwa kwenye kitenge.

"Karibu, Célestin. Keti."

Hakuketi. Akafungua kitenge. Ilikuwa sufuria mpya, nyeupe, bado ina alama za mchanga wa kumiminia. Honorine akaipapasa, akaizungusha, akatazama na chini.

"Sijaigusa," Célestin akasema. "Hata kuiosha sijaiosha. Niliogopa mikono yangu."

Mikono yake ilikuwa ya njano mpaka kwenye viwiko.

"Ulifika?"

"Nilifika. Iliasi, kaka ya Waridi, akatoka. Hakunifukuza. Hakuniambia karibu. Akanitandikia mukeka inje ya lupango, akarudi ndani. Nikakaa pale na sufuria kwa magoti, watu wanapita wananiangalia kama naiuza. Nilisikia Waridi anakohoa kule ndani. Nikasikia na kijiko kwa sahani. Ndiyo mama yake akatuma neno: mwanaume mwenye kuharibu mafiga hawezi kurudisha sufuria na mikono yake. Inabebwa na mwanamuke mwenye mutoto kwa titi. Anaingia, anaiweka chini karibu na moto, anaomba mayi ya kunywa. Wakimupa mayi, maneno yanafunguka. Wakimunyima, tunarudi."

Honorine akamtazama Deborah, aliyekuwa anajaribu kula kidole cha mguu wake. Dada zake Célestin wote walikuwa mbali, huko Wamaza, na watoto wao walikuwa wakubwa wa kuchunga mbuzi, si wa titi tena.

"Na ndobo? Nimeona haiko uani. Umeacha?"

Célestin akakuna kichwa. "Nimeipeleka kule kwa maegesho ya pikipiki, mbali na jiko la kila mutu. Mama Deborah, mimi nikisema nimeacha, Waridi atajua ni uongo mbele ya weye kumaliza kusema. Yeye ananijua."

"Basi nitasema nini mimi, nikiingia kule?"

"Usiseme nimeacha. Sema rangi itabaki kwa pikipiki, kwa chakula hapana tena. Mahamudu atatupeleka kesho. Amekubali nimukwangulie pale chini ya klaksoni, ili wewe na mutoto musisumbuke kulia piiii njiani." Akaishusha sufuria chini taratibu, mbele ya miguu ya Honorine. "Na wakikupa mayi, mama, nakuomba, usiyakunywe haraka. Kunywa polepole. Uangalie Waridi. Uone kama anakula, uone kama miguu haijavimba, kama anacheka. Halafu umuombee mama yake aniache nilale pale pale inje, kwa ule mukeka wa Iliasi, mupaka mutoto azaliwe."